Kumtoa Dereva Gari Likienda

Sauti ya shosho ilikuwa kwenye faili kumi na moja. Leo iko kwenye nane na nusu. Hizo mbili na nusu nilizipoteza mimi mwenyewe, saa nane usiku, kwa mstari mmoja niliouandika kwenye laptopu, na sina mtu wa kumlaumu.

Ilianza na modemu. Kazi yangu ni kuandikia makala wateja ambao sijawahi kuwaona uso, na naifanya usiku kwa sababu bando za usiku ndizo za bei nafuu. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, niliitoa Luthuli Avenue, nikaiwekea Linux kwa sababu mfumo uliokuja nao ulikuwa unaamka polepole kama mtu wa hangover. Modemu yangu ya USB ilikuwa na tabia ya kuganda. Taa inawaka, mtandao hakuna. Kuichomoa na kuirudisha kulikuwa hakusaidii. Kuzima mashine nzima na kuiwasha tena kulisaidia, lakini ukiwa na tabo ishirini wazi na mteja anasubiri, hiyo ni adhabu.

Binamu yangu, mtu wa kompyuta, ndiye alinionyesha njia ya mkato.

Kila kifaa kwenye kompyuta kina dereva wake, programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho na kukiongelesha kwa niaba ya mfumo. Shuleni walitufundisha kuiita kiendeshi, lakini mimi napenda dereva, kwa sababu kila mtu Nairobi anaelewa dereva ni nani. Kwenye Linux, ndani ya folda ya /sys, dereva huwa na faili mbili za ajabu: bind na unbind. Ukiandika anwani ya kifaa ndani ya unbind, dereva anatenganishwa na kifaa hapo hapo, mfumo ukiendelea kukimbia. Ukiiandika ndani ya bind, anarudishwa. Mlango huo ulifunguliwa mwaka wa 2005, na una kazi halali. Kuna watu wanajaribu madereva mapya, na kuna wengine wanataka kuikabidhi kadi ya michoro kwa kompyuta pepe inayokimbia ndani ya kompyuta yao.

Binamu yangu alinipa mstari mmoja wa kumtoa dereva wa xhci_hcd, yule anayesimamia matundu ya USB, kwenye anwani 0000:00:14.0, na mwingine wa kumrudisha. Sekunde tatu, modemu inaamka. Nikauhifadhi kwenye simu. Nikautumia wiki nzima, halafu mwezi, halafu nikaacha kuufikiria.

Kitu ambacho sikuuliza ni hiki: ukitumia amri ya kawaida ya kuondoa moduli, rmmod, mfumo huangalia kwanza. Kama kuna mtu anaitumia, unakataa na kukuambia inatumika. Ni kama kondakta anayesema, "Ngoja kwanza, kuna mtu anashuka." Lakini unbind haiangalii nani anatumia nini. Imeandikwa na mtu mwenye mamlaka ya root, basi inachukulia unajua unachofanya. Ni kumvuta dereva kutoka kwenye kiti gari likiwa Thika Road, abiria wakiwa ndani, wengine wameshika mlango.

Kuna madereva walioandikwa vizuri ambao hulipokea jambo hilo kwa heshima. Wale wa USB wamezoea watu kuchomoa vitu ovyo. Wengine hawajazoea. Ukimtoa dereva wa kadi ya michoro wakati skrini inaitumia, unaweza kubaki na weusi mtupu, na ile amri yako yenyewe ikakwama ikisubiri kitu ambacho hakitakuja. Programu ikikwama hivyo, huonekana na herufi D kwenye orodha, na hata kill -9 haiigusi, kwa sababu imelala ndani ya kerneli na haisikii mtu. Ukimtoa dereva wa diski yenye mfumo wenyewe, kompyuta inabaki ikitafuta amri kwenye diski ambayo haipo tena. Na kama kibodi yako ni ya USB na umemtoa dereva wa USB, hutakuwa na kidole cha kuandikia bind.

Mimi haya yote niliyajua baadaye.

Shosho alifariki mwezi wa tatu. Mwaka mmoja kabla, nilikaa naye jikoni siku kadhaa nikimrekodi kwa simu. Alikuwa msichana mdogo mwaka wa 1954, wakati watu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani kwao na kuwekwa kwenye vijiji vilivyolindwa, siku za Hali ya Hatari. Aliongea kuhusu handaki lililozunguka kijiji. Aliongea pia kuhusu bei ya maziwa, na jinsi mama yangu alivyokuwa mtoto wa kununa. Niliahidi familia nitaandika yote.

Usiku ule laptopu ilikuwa imejaa, nikaamua kuhamishia rekodi kwenye diski ya nje. Kuhamisha, si kunakili. Nikaandika mv, nikageukia makala ya mteja. Modemu ikaganda. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ule mstari.

Diski ya nje ilikuwa kwenye USB. Matundu yote ya laptopu yangu yako chini ya dereva mmoja.

Unapoandika kitu kwenye diski, Linux haikipeleki hapo hapo. Inakishika kwenye kumbukumbu kwanza, kukiandika diskini kunafuata baadaye, kwa kawaida nusu dakika au zaidi kidogo. Kwa hivyo mv ilikuwa imeona faili zimeshafika, ikazifuta kwenye laptopu, ilhali nyingine bado zilikuwa hewani, hazijagusa diski. Nilipomrudisha dereva, diski ilirudi ikiwa na jina jipya, sdc badala ya sdb, kama mtu aliyehama nyumba bila kuaga. Nilipoifungua, faili saba zilikuwa nzima. Nne zilikuwepo kwa majina tu. Ukubwa: sifuri.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Badala ya kuzima mashine, niliendelea kuitumia, nikipakua programu moja baada ya nyingine za kurudisha faili, na kila nilichopakua kiliweza kukaa juu ya kile nilichokuwa natafuta. Asubuhi nilimpelekea fundi. Aliangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Dadangu, ungeizima tu hapo hapo." Alirudisha faili moja nzima na nusu ya nyingine, zikiwa na majina ya nambari.

Ya handaki haikurudi.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kumwambia mama. Hiyo tabia naijua. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, sikumuaga mtu. Sikuandika barua ya kuahirisha, sikumwambia mama, niliacha tu kwenda, nikidhani ni jambo langu peke yangu. Mama aliendelea kulipa chama akijua kuna sherehe ya mahafali inakuja. Alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake rangi ya kitenge. Sijutii kuacha. Ninachojutia ni kwamba kulikuwa na watu ndani, na sikuangalia.

Safari hii nilimpigia. Nikamwambia yote, hadi xhci_hcd. Hakuelewa neno hata moja la hapo katikati. Aliuliza tu, "Ile ya handaki?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Mimi alinihadithia pia. Si sawa na yeye alivyosema, lakini kuja nikwambie."

Siku hizi kabla ya kumgusa dereva yeyote naandika sync, nasubiri, nafanya umount, na mfumo ukiniambia kitu kinatumika, natafuta kwanza ni nani. Nanakili, nafungua nakala, nasikiliza, ndipo nafuta. Modemu bado inaganda. Nazima laptopu nzima, naenda kuchemsha chai.

Ile nusu ya faili inaishia shosho akiwa anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini. Jumamosi naenda kwa mama, na nimebeba simu mbili.