Imesogea, au Imesogezwa?

Katika somo la mofolojia tunafundishwa mapema kwamba Kiswahili kina jozi za vitenzi kama potea na poteza, tembea na tembeza, sogea na sogeza. Kitenzi cha kwanza hakimtaji aliyesababisha jambo. Cha pili kinamdai. Katika mtihani niliziandika jozi hizo bila shida. Uzito wake nimeupima mwaka huu, kwenye baraza ya hospitali moja hapa Lubumbashi, nikimwangalia baba yangu mgonjwa.

Baba ni fundi mwashi, nasi tunakaa Katuba. Ana ngiri ya kinena: ukuta wa tumbo umelegea mahali pamoja, utumbo unasukuma na kutokeza uvimbe. Dawa ya kumeza haiuponyi, mtu hupasuliwa. Mbele ya majirani yeye husema tu "tumbo", kwa kuwa uvimbe uko mahali pa aibu. Nilipomwambia kwamba ngiri ni pia jina la yule mnyama wa porini mwenye meno yaliyopinda, alicheka, akasema mnyama huyo ameingia kwake bila kubisha hodi.

Siku ya kwanza tulifika na kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi: glavu, nyuzi za kushonea, serumu. Malipo ya kwanza yalikuwa yametolewa. Baba alikuwa amekula bukari jana yake saa kumi na mbili jioni, na tangu usiku wa manane hakuonja hata maji. Saa tano asubuhi mwuguzi akapita: "Baba, operesheni yenu imesogea. Tutawaita."

Imesogea. Kana kwamba operesheni ina miguu.

Tulirudi nyumbani kwa basi, baba kimya. Jioni akaanza kuuliza. Je, pesa tulizotoa zilikuwa kidogo? Je, walimdharau kwa sababu ya nguo zake za kazi? Au ugonjwa wenyewe si kitu, na kesho anaweza kurudi kubeba mifuko ya simenti? Baadaye tu tulisikia kwamba siku ile umeme ulikosekana katika chumba cha upasuaji. Lakini kwa siku nne nzima sentensi ile haikuwa na mtenda, na baba alijitia mwenyewe katika nafasi iliyobaki wazi.

Mara ya pili, wiki mbili baadaye, maneno yalikuwa yaleyale, ila mwuguzi mwingine aliongeza jambo moja: mama mmoja ameletwa, mtoto amekwama, chumba kimechukuliwa kwa ajili yake. Njaa ilikuwa ileile, safari ya bure ileile. Hata hivyo baba hakujiuliza lolote. Alisema, "Wapite kwanza, yule mama na mtoto wake." Usiku ule alilala.

Hapo nikaelewa kwamba kuahirishwa kwenyewe siko kulikokuwa kunamla baba. Kilichomla ni kuahirishwa bila mtu, bila sababu na bila siku. Bibi yangu husema Kiciluba, na katika lugha yake makelela ni jana na ni kesho pia, kama lobi katika Kilingala. Kitenzi ndicho kinachoonyesha upande gani. Sisi katika Kiswahili tumetenganisha jana na kesho, tuna keshokutwa, tuna hata mtondo. Utajiri huo wote hauna faida mtu akiambiwa "tutawaita", neno lisilobeba siku hata moja.

Basi nikaandika maswali manne katika daftari. Nani ameisogeza? Kwa sababu gani? Mpaka lini? Na tukingojea, tufanye nini? Tukaenda pamoja kwa daktari, kwa heshima, baba mbele. Daktari hakukasirika. Alitupa tarehe na namba ya simu. Kuhusu kufunga, alieleza kwamba kwa kawaida mtu mzima huacha chakula saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa mbili kabla. Kwa hiyo saa ikibadilika tuulize papo hapo, mgonjwa asikae na kiu bure. Asinyanyue kitu kizito. Na hili alilirudia mara mbili: uvimbe ukiwa mgumu na kuuma, ukikataa kurudi ndani akilala, au akianza kutapika, tusingoje tarehe yoyote. Tuje hata usiku, kwa maana utumbo unaweza kubanwa na kukosa damu.

Jibu hilo la nne ndilo lililobadilisha nyumba yetu. Kungojea kukawa kazi yenye masharti yake. Dalili za hatari zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Pesa iliyobaki anaitunza shangazi, tusije tukaila. Baba huketi kwenye kiti pale wanapojenga, akimwelekeza kijana wake kupanga matofali, na akilalamika kwamba mstari umepinda.

Juzi simu ililia tukiwa mezani. Nilisikia upande wa baba tu: "Imesogea? Nani ameisogeza?" Nikaogopa kwamba ameuliza kwa ukali. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akashukuru. Alipokata simu akatuambia kwamba ni daktari mwenyewe. Mashine ya kuchemshia vyombo imeharibika, fundi anaitengeneza, naye daktari amesema: "Ni mimi, baba, nimeisogeza mpaka Ijumaa."

"Ni yeye," baba akasema. Kisha akavuta sahani yake, akamega bukari.