Malia, Mari, Mariamu

Mama yangu alibatizwa Maria, lakini katika Kisangani ya miaka ya 1970 kila kinywa kilimwita kwa namna yake. Tuliishi Mangobo, kwenye mitaa iliyojaa watu wa kila upande wa mto. Masista waliomfundisha kushona walimwita Mari, kwa Kifaransa. Katekista alisema Maria, herufi zote zikisikika. Jirani yetu Mwislamu, aliyemwachia mama ufunguo wa nyumba kila alipokwenda msibani, alimwita Mariamu. Na ndugu zake Walokele, waliopanda mto kwa mitumbwi kutoka upande wa Isangi, walimwita Malia.

Mimi nililipenda hilo la Malia. Lilikuwa jina la ukingoni asubuhi, samaki wa moshi wakishushwa. Mama alikuwa akiwanunua kwa jumla, kisha anawapanga upya kikapuni mwake, vichwa vyote vikitazama upande mmoja, mkubwa juu na mdogo chini, ili mnunuzi asipite bila kusimama. Mletaji alikuwa bado ndani ya maji hadi vifundoni, mzigo kichwani, naye akaanza kuita: "Malia! Malia ee!" Ulimi wake haukuzoea r, wala haukuona sababu ya kuitafuta. Mama aligeuka mara moja. Walibishana bei kwa Kilokele, wakaulizana habari za wagonjwa, wakarudi kwenye bei. Kisha mama akanigeukia kwa Kiswahili: "Shika hapa, mwanangu, usimwage."

Shuleni tuliambiwa kwamba Malia ni matamshi ya watu wasiosoma. Mwalimu mmoja alimsimamisha msichana mbele yetu, akamfanya alirudie jina lake mwenyewe mpaka r ikasikika, naye akalia. Haikuwa haki. Jina hili halijawahi kutulia katika umbo moja. Kwa Kiebrania lilikuwa Miryam, jina la dada yao Musa na Haruni. Wayunani waliandika Mariam, na pia Maria; Wafaransa wakalifupisha. Kwa Kiarabu ni Maryam, jina la sura ya 19 ya Kurani, na mwenye jina hilo ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika kitabu hicho. Waganda wanasoma Malyamu katika Biblia yao, na hakuna anayewacheka. Hata maana yake wataalamu hawajaafikiana: kuna wanaosema ni uchungu, kuna wanaosema ni uasi, na kuna wanaolitafutia asili katika Kimisri cha kale, kwenye neno la kupenda. Ile sifa ya "nyota ya bahari" ambayo Wakatoliki wanampa Bikira Maria, wengi wanaona ilianzia kwenye maneno ya Kilatini ya "tone la bahari", herufi moja ikageuka mkononi mwa mwandishi. Ikiwa kanisa zima limeishi na herufi iliyogeuka, mtoto wa Mangobo aadhibiwe kwa nini?

Kwetu jina hili liliingia kwa milango miwili, karibu wakati mmoja. Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, huku kwetu, mwaka 1887, akiwa na Waungwana waliokuja na Kiswahili na Uislamu kutoka mashariki. Kina Mariamu walitokana na njia hiyo. Mwaka 1897 akafika Padri Gabriel Grison, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Mari na Maria zikapanda na mto. Chini kidogo, Yakusu, palikuwa na Wabaptisti, na huko ndiko John Carrington alikojifunza lugha ya ngoma za Walokele na kuandika juu yake kitabu mwaka 1949. Ngoma ile haina r wala l. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo mtu huitwa kwa maneno marefu, mpaka ijulikane ni yeye na si mwingine. Bibi yangu alisema kuwa hilo ndilo jina kamili. Haya ya kanisani ni ya kuitana jikoni.

Halafu, mwaka 1972, serikali ya Mobutu ikayapiga marufuku majina ya Kikristo. Padri aliyembatiza Mzaire kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kwenda Roma kwa muda. Mama alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, karani alimwuliza jina, akasema Maria. Karani akaweka kalamu mezani na kumngojea. Ikabidi ataje jina la bibi yake. Lilikuwa jina zuri, na mama alilibeba kwa heshima, lakini halikubadili kitu ukingoni. Kule aliendelea kuwa Malia.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri, mjini Kinshasa, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu, mzaliwa wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Nengapeta, kwa Kibudu, ni kusema mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Aliyemwandikisha shule ndiye aliyelikosea, likabaki. Vitambulisho vyetu bado havikuwa na Maria wala Mari, na hapo jina la Marie likasomwa mbele ya umati. Mama alisikiliza kwa redio, akafunga kitenge vizuri, akaenda kanisani ingawa misa ilikuwa imekwisha.

Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yakarudi kwenye karatasi. Siku hizi naona wajukuu wakiandikishwa Marie kwa herufi za Kifaransa, hata pale ambapo nyumba nzima inasema Malia. Ninyi mnaokwenda kuandikisha watoto, mwulizeni kwanza bibi anavyolitamka. Akisema Malia, andikeni Malia.