Mlango Niliouacha Wazi Serengeti

Mwezi Juni 2021 nilikwenda likizo nyumbani Tarime. Siku ya tatu nilipanda gari kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, kwa njia ya Nyamongo. Tuliyapita malundo ya mawe ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, tukavuka Mto Mara, na kabla ya adhuhuri nilikuwa katika shule moja ya sekondari anakofundisha kijana niliyepata kumfundisha chuo kikuu. Alinipokea kwa heshima iliyonizidi kimo. Aliwakusanya wanafunzi wa kidato cha tatu, akawaambia kwamba mimi ndiye niliyewaletea maabara ya fizikia ndani ya kompyuta. Kisha akaongeza kwa fahari: "Daktari, tumesikia kwamba kwingine Flash imezimwa tangu Januari. Hapa kwetu inafanya kazi vilevile ulivyotuachia."

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndugu msomaji, niruhusu nieleze kwa nini sifa ile ilikuwa hati ya mashtaka. Mwaka 2016 shule hiyo ilikuwa na kompyuta chache za msaada, zilizokwisha kutumika Ulaya, lakini haikuwa na maabara ya kuridhisha. Niliwapelekea masomo ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwanafunzi anafyatua mzinga kwenye skrini na kupima tufe linaangukia wapi. Anarefusha uzi wa pendulamu na kuona mwendo wake unavyobadilika. Mengi ya masomo hayo wakati ule yalihitaji Flash au Java, yaani plagini, programu ndogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea uwezo. Niliziweka. Na kwa kuwa masasisho yalikuwa yakimaliza bando la shule kabla ya wiki kwisha, niliyazima yasijipakue tena. Nilirudi chuoni nikijiona mfadhili.

Ubaya wa kitendo hicho unaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa soko. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama vizimba vilivyopangwa kwa namba. Programu huomba kizimba, hukitumia, hukirudisha. Sasa mfikirie mfanyabiashara aliyerudisha kizimba namba 40 lakini akabaki na karatasi yenye namba hiyo. Kesho yake anamtuma kijana akachukue mzigo huko, bila kujua kwamba kizimba kimekwisha kupewa mtu mwingine, naye ameweka mzigo wake mwenyewe. Kijana anauchukua na kuuleta dukani akiamini ni mali ya tajiri yake. Ikiwa mpangaji mpya ni mhalifu aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo, mzigo wake umeingia dukani kwa mlango wa mbele. Kasoro nyingine ni ya mfanyabiashara anayepewa kizimba kimoja akamwaga bidhaa hadi kwa jirani, akafunika hata daftari la msimamizi wa soko.

Lugha za C na C++, ambazo ndizo zilizojenga vivinjari na plagini kama Flash, humwachia mwandishi wa programu hesabu yote ya vizimba. Binadamu hukosea hesabu. Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kasoro za kiusalama walizokuwa wakizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka uliofuata wenzao wa kivinjari cha Chrome walitoa kiwango kama hicho kwa kasoro zao nzito.

Makosa haya yana soko lake. Mwezi Julai 2015 nyaraka za kampuni ya Hacking Team ya Milano, iliyokuwa ikiuza programu za ujasusi kwa serikali mbalimbali, zikiwamo za Ethiopia na Sudan, zilivujishwa. Ndani yake zilikutwa kasoro za Flash ambazo hata Adobe, wenye programu, hawakuzijua. Mojawapo ilikuwa ya kizimba kilichokwisha kurudishwa. Mwaka 2018, mwezi Februari na tena Desemba, Adobe walilazimika kuziba kwa haraka kasoro nyingine za aina hiyohiyo zilizokuwa tayari zinatumiwa na wavamizi. Viraka hivyo havikufika Serengeti, kwa sababu mimi nilikuwa nimevifungia njia. Na toleo langu la 2016 lilikuwa la zamani mno hata halikuwa na ile saa ya ndani iliyoyafanya matoleo ya mwisho yakatae kazi kuanzia Januari 12, 2021. Dunia ilipofunga mlango, wa kwetu ulibaki wazi.

Nilimuuliza mwalimu kompyuta zile zinatumika kwa kazi gani nyingine. Akasema vijana waliomaliza kidato cha sita huja hapo kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Majina ya wazazi, namba za vitambulisho vya taifa, akaunti za benki, nywila za barua pepe: vyote vilipita katika mashine niliyoiacha bila ulinzi kwa miaka mitano.

Nilipomwambia kwamba Flash lazima iondolewe, alinijibu jambo ambalo sijalisahau. "Daktari, hao walioizima walikuwa na kingine cha kutumia. Sisi tukiizima tunarudi kwenye chaki."

Hakukosea. Hata Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, yenye wataalamu na bajeti, ilifika Januari 2021 fomu zake nyingine zikiwa bado za Flash, ikalazimika kuwatolea walipa kodi kivinjari maalumu. Kama taasisi ya ukubwa ule ilikwama, shule ya Serengeti ingefanyaje?

Tulifanya kazi siku mbili. Kompyuta moja tuliikata kabisa na mtandao, tukaiachia masomo ya zamani. Nyingine tuliziondolea Flash, tukazisasisha kadiri zilivyoweza, tukazipakia kwa flashi masomo ambayo PhET wameyaandika upya kwa HTML5, yasiyohitaji plagini. Si masomo yote yaliyokuwa yameandikwa upya. Kwa yaliyobaki, darasa zima lingepanga foleni mbele ya mashine moja. Waliowahi kujaza maombi pale tuliwatumia ujumbe wabadilishe nywila.

Kabla ya kuondoka niliwaambia wanafunzi kwamba kosa lilikuwa langu. Msichana mmoja akauliza kwa nini programu ziandikwe kwa lugha inayoruhusu makosa hayo. Nilimjibu kwamba sababu ni kasi, mazoea, na gharama ya kuandika upya kilichokwisha kuandikwa. Lakini zipo lugha zinazokataa kosa la kizimba kabla programu haijaanza kazi, kama Rust, iliyotoka rasmi mwaka 2015. Kwa lugha hiyo watu wa kujitolea wameandika Ruffle, programu inayofungua kazi za Flash bila kuhitaji Flash yenyewe. Aliandika majina yote mawili nyuma ya daftari.

Tanzania sasa tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni hatua njema. Lakini hakuna sheria inayoingia darasani kuziba kasoro. Anayetoa kompyuta ya msaada bila fungu la kuitunza, awe mfadhili wa ng'ambo, mbunge, au mhadhiri arudiye kwao likizo, anagawa mlango usio na komeo, kisha anapigiwa makofi. Mimi nilipigiwa. Nakuomba, kama nawe umewahi kupeleka kompyuta kijijini kwenu, safari ijayo uiwashe na uangalie ilisasishwa lini.