Nani Alikwambia Jilore Haitoshi?

Huku kwetu Jilore mzee akikuona umeinamia simu anasema, "Huyo ashamalizwa." Mimi sidhani shida ni masaa. Masaa hata bao na karata zilikula, na hakuna aliyeitiwa mkutano.

Kuna vipimo viwili vya wanasaikolojia. Kimoja kilitoka Korea Kusini 2013, maswali 10: je, kazi uliyopanga imekushinda sababu ya simu? Shingo inauma? Unakosa raha ukiwa huna simu mkononi? Hebu jipime, wengi wetu tutafeli. Lakini kinachonisumbua ni kile cha pili, cha Ed Diener na wenzake, Marekani, 1985. Sentensi 5 tu. Ya kwanza inataka kujua kama maisha yako yanakaribia yale unayoyatamani.

Sasa hayo unayoyatamani, nani alikuwekea?

Chukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani amerudi nyumbani Desemba. Maembe yamejaa, jioni anashuka Sabaki na binamu zake, usiku kuna wali na samaki. Kisha anafungua simu, anaona mwenzake yuko Diani. Nyumbani hakuna kilichopungua, ila yeye anajiona amepungukiwa. Anakopa kredo anunue bando, ati aone zaidi.

Na tafadhali msiniambie dawa ni kutupa simu. Juni 2024 simu hizi hizi ndizo zilizotutoa nje kupinga Mswada wa Fedha. Siku hizo tulishinda mtandaoni kuliko kawaida na sikuskia mtu akilia upweke, manake tulikuwa tunaangalia kitu kimoja, pamoja. Kuskroli peke yako saa nane usiku, maisha ya watu wasiokujua, hiyo ni kitu ingine kabisa.

Tena maisha yenyewe ni ya kuazima. Najua, ndiyo kazi yangu. Ile hoteli ya Malindi kwenye video zangu huwa nakaa dakika 20, nanunua soda moja, narudi Jilore na bodaboda.

Wiki iliyopita dadangu mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia inboksi. Anataka kuacha chuo, ati wenzake washafika. Nikamuuliza wamefika wapi. Akanitumia video tatu. Moja ilikuwa yangu.

Nilimjibu kwa sauti, nikaanza na bei ya ile soda.