Sadaka Iliyotoka Duarani

Tunaandika wawili, mchungaji na mama mchungaji, kwa sababu jambo hili lilitupata pamoja, na mmoja wetu akilisimulia peke yake atajitetea.

Kabla ya kuja Geita tulitumika Shinyanga vijijini. Huko sadaka ya mavuno ilikuja kwa baiskeli: debe la mahindi, gunia la mpunga, kuku aliyefungwa miguu, na pamba ikiuzwa vizuri, fedha kidogo. Shamba la kila sadaka tulilijua. Huko pia alikaa nasi bibi mmoja wa kanisa letu, mjane. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na ninyi wenyeji wa ukanda huu mnajua macho ya namna hiyo yamewaponza wanawake wazee wangapi. Watu walipoanza kunong'ona, tulimleta nyumbani kwetu. Mwanetu wa pili, akiwa darasa la nne, ndiye aliyemtekea maji. Bibi huyo alifariki kitandani mwake kwa uzee, na kwa hilo tunamshukuru Mungu mpaka leo.

Geita ilitufundisha maisha mengine. Mchimbaji hushuka duarani wiki na wiki bila mshahara, anakula tu. Duara likitema, anapewa mgawo wake wa viroba vya mawe. Mawe yanakwenda kwenye karasha, unga wake unaoshwa, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, kisha inachomwa. (Mara nyingi inachomwa uani, watoto wakicheza karibu na ule moshi. Mama mchungaji amelisema hilo kwenye ibada za akina mama hadi wamemchoka, na ataendelea kulisema.) Basi mtu aliyetoa elfu moja mwezi mzima, Jumapili moja analeta laki tano. Tulipokea, tukaomba, tukashukuru. Madhabahuni tulikemea ndagu, zile dawa za utajiri zenye masharti, na waganga wanaozigawa. Uongo wa namna hiyohiyo ndio uliowaua ndugu zetu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007. Lakini mtoaji mwenyewe hatukuwahi kumuuliza neno.

Mwanetu yule aliacha shule kidato cha tatu, akaenda machimboni. Simu zake zilikuwa chache. Oktoba 2015, mgodi wa Nyangarata kule Kahama ulipoporomoka, hatukujua yeye yuko duara gani. Novemba wanaume watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, tulilia mbele ya redio kana kwamba ni wanetu. Kumbe wetu alikuwa salama upande mwingine kabisa. Alipopiga simu, hata habari yenyewe alikuwa hajaisikia.

Mwaka uliofuata alikuja na bahasha. Fedha ilitosha bati za kanisa zima, na misumari juu. Wazee wa kanisa walimshika mkono mmoja mmoja, na sisi, tuseme kweli, tulitembea siku hiyo vifua mbele.

Usiku, taa imeshazimwa, mama mchungaji akauliza, "Baba, umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Unajua."

Siku tatu hakuna aliyemuuliza. Jumapili ile somo lilikuwa la Akani, yule aliyeficha kabari ya dhahabu chini ya hema lake, na nyumba yake yote ikaangamia pamoja naye. Tulilihubiri kwa haraka.

Jioni tukamkalisha. Alinyamaza muda mrefu. Akasema walikwenda kwa mganga, yeye na wenzake wanne wa duara moja. Mganga akawaambia kuna mwanamke mzee katika ukoo wa mmoja wao anayefunga mali, na kwamba atawaelekeza la kufanya. "Nilimkumbuka bibi," alisema. "Nikainuka, nikatoka. Wenzangu walibaki. Walichofanya baada ya hapo sikijui, Baba. Sikuuliza. Duara lilitema wiki mbili baadaye, na mgawo wangu nikauchukua."

Kisha akatutazama wote wawili. "Na wale wengine wanaoleta bahasha, ninyi huwa mnawauliza?"

Hatukuwa na jibu. Kijana huyu alikuwa ametoka nje ya nyumba ya mganga peke yake, na sisi tulikuwa tumeketi miaka yote karibu na sanduku la sadaka.

Fedha ile tulimrudishia. Wazee wengine walikasirika; mvua ilikuwa mlangoni na paa linavuja, na mmoja alisema wazi kwamba tunaliadhibu kanisa kwa ajili ya amani ya nyumba yetu. Huenda ana haki kidogo. Mwanetu alikwenda kuwatafuta wale wenzake wanne. Wawili aliwapata, na wakamwapia kwamba hawakufanya lolote. Wawili hakuwapata.

Bati tulinunua pole pole, kwa sadaka ndogo ndogo. Upande wa kwaya bado kunavuja. Yeye sasa ana shamba la mpunga, na Jumapili hukaa benchi la nyuma. Na siku hizi mtu akileta bahasha nene, tunamkaribisha chai kwanza, tunaketi naye, tunamwambia habari za bibi.