Uzito wa Wangojao

Katika nyumba zetu za pwani hakuna asiyejua maana ya kungoja chombo. Bibi zetu walingoja majahazi. Sisi twangoja mabasi na vivuko. Mimi, kwa kuwa riziki ya mume wangu imetupandisha hadi Timau, kwenye miteremko ya kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya, nimejifunza kungoja chombo cha namna nyingine: ndege ndogo ya viti vinne inayotua juu ya nyasi, kando ya shamba la ngano.

Rubani wake ni mtoto wa kaka yangu. Kazi yake ni kilimo, na urubani ni mapenzi yake. Ana leseni ya rubani binafsi, ambayo humruhusu kuruka na kuchukua abiria, ila asitoze nauli. Ndege ni yake na wenziwe wawili. Huku bara jambo hili si la ajabu kama linavyoweza kuonekana kwetu. Mashamba ni mapana, miji iko mbalimbali, na urukaji wa watu binafsi una historia ndefu nchini Kenya. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye mwanamke mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege mjini Nairobi, na ndiye ambaye Uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Vijana hawa hukutana sebuleni kwangu, na mjadala wao hauishi. Mmoja hushikilia kwamba kanuni ni kanuni: ikiwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga imesema ndege itue ikiwa na akiba ya mafuta ya dakika 30, basi ni 30, si 29. Mwingine hujibu kwamba aliyeandika kanuni hakuwahi kusimama kwenye kiwanja chao cha nyasi, na kwamba rubani amepewa macho na akili ili avitumie. Kwa muda mrefu niliwasikiliza kama asikilizaye mabishano ya mpira. Kisha ikaja arusi ya binti wa dada yangu, Lamu.

Kwa barabara, safari ya Timau hadi Lamu yaweza kula siku nzima na zaidi. Kwa ndege ile ni kama saa mbili. Tulikuwa tuondoke alfajiri, abiria watatu na mizigo yetu, pamoja na gunia la viazi nililomwahidi dada yangu kwa ajili ya jikoni. Mpwa wangu alileta mizani akatupima sote, pamoja na mikoba yetu, wala hakuona haya kuuliza kilo za shangazi yake. Gunia likabaki. Lakini jamaa aliyekuwa akitoka Meru alichelewa, na alipofika ilikuwa imekwisha pita saa tano asubuhi. Jua lilikuwa kali na mbingu juu ya vichwa vyetu nyeupe. Kijana akazunguka ndege yake, akafungua kitabu chake, akapiga hesabu mara mbili, kisha akasema kwamba hatutaondoka leo.

Dada yangu akapiga simu. "Jua hilo lawaka, mwahofia nini? Watu wamekwisha kaa kwa hina!"

Nikampa simu mpwa wangu. Akamjibu kwa adabu: "Shangazi, kwa kitabu naruhusiwa. Kwa kiwanja hiki, saa hii, siwezi."

Baadaye alinieleza kwa utulivu. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Jua linapopanda, hewa hupata joto na kuwa nyepesi zaidi. Bawa halipati cha kuegemea, injini haipati pumzi ya kutosha, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi, kisha hupanda polepole. Kitabu cha ndege kina majedwali ya hesabu hizo, nayo yalionyesha kwamba tungeweza kuruka. Ila majedwali yalipimwa kwa ndege mpya, nayo yao ni kongwe. Na nyasi zilikuwa ndefu, zenye maji ya mvua ya usiku. Zaidi ya hayo, mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga upande wa Meru, ambako ndiko njia yetu. Kanuni za kuruka kwa kuona kwa macho hudai kwa kawaida rubani aone mbele kilomita 5, na kilomita 8 akiwa juu ya futi 10,000. Pale kiwanjani tulikuwa tukiona mbali kuliko hapo. Lakini kanuni hupima mahali ulipo, na mlima ulikuwa ukitungoja mbele.

Mlima huu una kumbukumbu zake. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Wilson kuelekea Samburu iligonga ubavu wa Pointi Lenana, kilele chenye kimo cha mita 4,985. Watu wote 14 walikufa: marubani wawili, na abiria 12 wa ukoo mmoja kutoka Marekani. Haikuwa ndege ya mpenzi wa urubani kama mpwa wangu. Ilikuwa chini ya watu wa kazi hiyo. Kila nikiikumbuka huwaza juu ya nyumba ile iliyoondokewa na vizazi kwa mkupuo mmoja.

Tuliruka kesho yake mapambazuko, hewa ikiwa baridi na nzito. Usiku wa hina ulitupita. Dada yangu alininunia mpaka siku ya pili ya arusi.

Kisa cha pili ni kigumu kuliko hicho. Jioni moja mke wa mfanyakazi wa shamba jirani alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Timau iko karibu sana na mstari wa Ikweta, kwa hiyo jua likizama giza haliombi ruhusa. Watu wakaja mbio kumtaka mpwa wangu ampeleke kwa ndege. Kiwanja chao hakina taa. Alikataa, akachukua ufunguo wa gari, akamwendesha mgonjwa kwa barabara ya lami hadi Nanyuki. Mtoto alizaliwa salama, lakini wapo mpaka leo wanaosema kijana aliogopa, na kwamba siku ya haja kanuni huwekwa kando.

Nilimuuliza kama kanuni zingemkataza kabisa. Jibu lake lilinishangaza. Kanuni za anga za kimataifa, ambazo Kenya inazifuata, zenyewe humruhusu rubani mkuu wa chombo kuziacha, pale tu inapokuwa hapana budi kwa ajili ya usalama. Mlango huo upo kwa aliye angani na injini ikamzimikia, au aliyezingirwa na dhoruba. Haukuwekwa kwa ajili ya aliye chini, mwenye gari na barabara, anayetaka kufika upesi. Wasomaji wa jarida hili, waliolelewa wakitenganisha dharura na haja, hawatapata tabu kulielewa hilo.

Babu yetu alikuwa nahodha. Hakuwa na kanuni zilizochapishwa, lakini alijua miezi ambayo kusi huchafua bahari na chombo hupandishwa pwani. Mwenye shehena angelia, na nahodha angekaa barazani akinywa kahawa yake. Heshima ya nahodha haikupimwa kwa safari alizofanya tu. Ilipimwa pia kwa zile alizokataa. Mpwa wangu hakumdiriki babu, lakini naona wanakutana hapo. Kanuni kwake ni sakafu: hashuki chini yake, wala hadhani kwamba kwa kusimama juu yake amekwisha salimika.

Ninayoandika haya, hata hivyo, sikusudii marubani. Wao wana walimu wao na mitihani yao. Nawakusudia tunaongoja. Rubani hupima mafuta, abiria na mizigo, lakini kuna uzito mmoja ambao mizani haiuonyeshi: simu ya dada, sufuria ya pilau iliyo motoni, maneno ya "mbona fulani amefika?" Uzito huo ndio humfanya mtu mwenye akili timamu ayaone mawingu kuwa membamba kuliko yalivyo. Na hauwaelemei marubani tu. Dereva wa basi la usiku anaubeba, na mwenye boti, na mwana anayerudi nyumbani kwa pikipiki siku ya sikukuu.

Siku hizi mpwa wangu anapotaka kuja, kabla hajaondoka humwambia jambo moja: chakula kitapashwa moto, na kitanda hakihami. Akisema hatakuja, simuulizi sababu siku hiyo. Dada yangu naye, nasikia, kwa arusi ya binti yake wa pili ameacha siku mbili tupu kabla ya hina, kwa ajili ya wageni wa bara.