Hiyo H Kwenye Majibu Yako

Ahero

Mpwa wangu, nyar owadwa,

Picha ya majibu yako ilinifikia, na nimeona nikujibu kwa karatasi ili uikunje uende nayo kwa daktari. Ujumbe wa sauti hautakufaa kitu ukiwa kwenye foleni.

Kwanza hiyo herufi H, yaani juu, iliyokutisha. Imekaa mbele ya TSH 18.4, nawe unasema jirani yako wa kibanda amekwambia tezi ya shingoni imezidi nguvu. Amesoma kinyume, na si wa kwanza. Nilipokuwa nikifanya kazi maabara hata waliosoma sana walirudi dirishani na kosa hilo hilo. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru tezi dundumio itoe homoni. Ni kama mama anayemwita mtoto aliyezubaa: asipoitikia, sauti inapanda. TSH ikipanda, basi, tezi imelegea. Ikishuka hadi karibu na sifuri, ndipo tezi imezidi, na mtu wa hivyo hukonda huku anakula, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio. Wewe umenenepa, unasikia baridi katika joto la Kisumu, choo kigumu, hedhi nzito. Mwili wako na karatasi vinasema jambo moja.

Sasa tazama mstari wa pili, ambao hata hukuuzungushia kalamu. T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, 7.9, na mbele yake L, yaani chini. Huo ndio unaonishughulisha zaidi. Kama TSH ingepanda kidogo tu, tuseme 6 au 7, na T4 ikabaki ndani ya mipaka, na huna mimba, ningekwambia upime tena baada ya miezi miwili mitatu, maana wengine hurudi sawa bila dawa. Lakini TSH juu na T4 chini kwa pamoja? Hapo hapana pa kusubiri.

Usilinganishe namba zako na za rafiki yako wa Nyalenda. Maabara nyingine hupima T4 kwa kizio tofauti, na 1 ya kwao ni karibu 13 ya kwenu. Soma mipaka iliyochapwa kwenye karatasi yako mwenyewe, na ukirudia kipimo, rudi maabara ile ile. Tena vile vidonge vya kukuza nywele na kucha, kama vina bayotini, viache siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu. Vinaweza kuyapotosha majibu.

Mwaka huu umemeza dawa za malaria na za taifodi zaidi ya mara moja, nami nilinyamaza. Kwetu ziwani uchovu wowote hupewa majina hayo mawili. Malaria ipo, sikatai, lakini daktari akuangalie na wingi wa damu pia, kwa hedhi hizo ulizonieleza.

Najua sokoni utauziwa matone ya iodini. Usinunue. Ni kweli iodini ikikosekana rovu huota, na samaki wetu wa maji baridi hawana iodini nyingi kama wa baharini. Ila chumvi ya dukani Kenya hutiwa iodini kwa sheria tangu miaka ya 1970, na iodini ya kupita kiasi yaweza kuilegeza zaidi tezi iliyokwisha kulegea. Siku hizi mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe inayoishambulia tezi, ugonjwa ambao daktari Mjapani, Hashimoto, aliueleza mwaka 1912. Muulize daktari kama ipo haja ya kupima kingamwili. Ugali wa muhogo na mtama endelea nao, mradi muhogo uwe umelowekwa na kukaushwa sawasawa.

Pa kwenda unapajua. Ukitoka Kibuye, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga si mbali. Russia, kama tunavyoiita, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Rais Jomo Kenyatta aliifungua Oktoba 1969. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa, na uhakikishe umejisajili SHA, bima ya afya ya sasa, maana NHIF ilishaondoka. Shingo ikiwa na uvimbe unaokua haraka, au sauti ikakwaruza, au kumeza kukawa taabu, yaseme hayo kabla hujaulizwa.

Nadhani utaandikiwa levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni ya tezi. Usijinunulie kwa kemisti kabla ya kuonwa, maana kipimo chake huenda na uzito, umri na hali ya moyo. Humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Na chai yako ya maziwa naijua! Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia viachane na dawa hii kwa muda wa saa nne. Jumapili, unapowahi kupanga nguo sokoni kabla jua halijatoka, isiwe sababu ya kuruka. Ukiona asubuhi hazikufai, mwulize daktari kama waweza kumeza usiku, baada ya kupita muda wa saa tatu tangu chakula. Dawa usiihifadhi kibandani chini ya mabati, joto huiharibu.

Usitarajie nguvu wiki ya kwanza. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, ndipo kipimo cha dawa kirekebishwe. Wengi hupata nafuu wakaacha, kisha hurudi walipokuwa. Wewe huenda ukaimeza maisha yako yote, na hilo si hukumu. Ukishika mimba, nenda kliniki wiki hiyo hiyo, kwa sababu mara nyingi dozi huongezwa mapema, kwa ajili yako na ya ubongo wa mtoto.

Ukipata tarehe nipigie nije tukae wote foleni. Usiweke Jumatano, Jumatano nina chama.

Ni mimi shangazi yako,
Waya